Uhandisi wa kilimo na bayolojia vyuoni: tubadilishe mtihani kabla ya kulilia vifaa

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za kazi. Uzi huu ni mrefu kidogo. Nauelekeza kwa wahadhiri, mafundi wa maabara, wanafunzi na wahitimu wa uhandisi wa kilimo na bayolojia. Nafundisha fani hii, upande wa mitambo na teknolojia ya baada ya mavuno, na kuna jambo linaniumiza ambalo nataka tulijadili bila kuoneana haya.

Mpe mwanafunzi wa mwaka wa tatu swali hili: tani 1 ya mahindi yenye unyevu wa asilimia 20 imekaushwa hadi asilimia 13. Yametoka maji kilo ngapi? Wengi watakujibu kilo 70. Wamechukua 20, wakatoa 13, wakapata 7, na asilimia 7 ya kilo 1,000 ni 70. Jibu sahihi ni kilo 80 na nusu. Sehemu kavu ndani ya ile tani ni kilo 800 na haiendi popote. Ukaushaji ukiisha, kilo hizo 800 ndizo asilimia 87 ya mzigo uliobaki, kwa hiyo mzigo umebaki kilo 919.5. Tofauti ya kilo 10 na nusu inaonekana ndogo mpaka uwe na ghala la tani 500. Hapo ni zaidi ya tani 5, na mwenye ghala atadhani ameibiwa.

Mwanafunzi huyohuyo anaweza kukuandikia mlinganyo wa usambaaji wa maji ndani ya punje kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Amefaulu, tena kwa alama za juu. Si mvivu hata kidogo. Amejifunza barabara kile ambacho mtihani wetu unakidai, na mtihani wetu haumdai zaidi ya hapo. Maswali yetu yote huanza na "ikiwa": ikiwa unyevu ni huu na joto ni hili, tafuta lile. Kila namba anayoihitaji ameandikiwa, na hakuna namba ya ziada iliyowekwa imchanganye. Kazini atakuta lundo ambalo juu lina unyevu mmoja na chini mwingine, kipima unyevu ambacho hakijasawazishwa tangu kinunuliwe, na mwenye mali anayetaka kujua kama apakie leo au asubiri.

Fani yetu ina ugumu wake wa pekee. Mhandisi wa majengo akitaka nguvu ya nondo anafungua jedwali. Sisi tunahandisi udongo, mbegu, maziwa, kinyesi, hewa ya banda la mifugo na vijidudu ndani ya tangi. Jedwali lipo, lakini namba iliyomo ni wastani wa kitu ambacho kesho kitakuwa kimebadilika. Udongo uleule ukinyeshewa usiku, kani ya kuvuta plau asubuhi si ile ya jana. Mhitimu asiyejua kushughulika na mtawanyiko huo hajaijua fani, hata kama amekariri milinganyo yote.

Tena kupima ni asili yetu. Mwaka 1919 jimbo la Nebraska kule Marekani lilitunga sheria ya kupima matrekta, kwa sababu wakulima walikuwa wakiuziwa mashine ambazo nguvu iliyotangazwa haikuwamo. Vipimo vilianza 1920. Yaani kabla fani haijakomaa, swali lilikuwa tayari mezani: umesema hivi, shamba linasema nini?

Fani yenyewe ilianza kama uhandisi wa mashine, majengo ya shamba na kutoa maji mashambani. Chama cha wahandisi wa kilimo cha Marekani kiliundwa 1907, na mwaka 2005 kikaongeza neno la bayolojia kwenye jina lake. Kati ya miaka hiyo vyuo vimeongeza usindikaji wa chakula, mazingira, nishati ya mimea, vihisi na programu za kompyuta. Mada zimeingia, na ni chache sana zilizotoka. Ndiyo maana wahadhiri tunakimbia. Tukikimbia tunahutubia, na mtihani unakuwa wa kurudisha yale yaliyohutubiwa.

Utafiti kuhusu kuhutubia tu haujifichi. Uchambuzi mkubwa uliotoka 2014 uliunganisha tafiti 225 za kozi za sayansi, uhandisi na hisabati. Katika madarasa ya mhadhara mtupu uwezekano wa kufeli ulikuwa mara 1.5 ya ule wa madarasa ambamo wanafunzi wanafanya kazi wakati wa kipindi, na alama za mitihani zilikuwa chini kwa takriban asilimia 6.

Pendekezo langu ni hatua tatu, kwa kila kozi ya fani: mwanafunzi akadirie kwa kalamu kabla, apime kitu halisi, kisha aeleze tofauti kati ya namba hizo mbili. Hatua ya tatu ndiyo ibebe alama nyingi. Na ianzie kwenye mtihani, maana mwanafunzi anasoma kuelekea mtihani, na mhadhiri naye anafundisha kuelekea hukohuko. Ukianza na vifaa huku mtihani ukibaki ulivyo, vifaa vitakaa karakana vikipigwa vumbi.

Nawasilisha. Naomba michango, hasa ya wanaopinga.

#2 Mhadhiri wa darasa kubwa

Mkuu, hoja nimeielewa na kwa sehemu nakuunga mkono. Lakini njoo kwenye darasa langu. Wanafunzi wamepita mia mbili, trekta ni moja, msaidizi ni mmoja, na vipindi vya karakana tunagawana na idara nyingine. Hao wote wakadirie, wapime, waeleze, na mimi nisahihishe maelezo yao lini?

#3 Mleta uzi

Swali lako ndilo linaloua mageuzi mengi, kwa hiyo nalijibu kwa kirefu.

Kwanza, si kila kipimo kinahitaji trekta. Chukua umwagiliaji wa kunyunyiza. Vikopo vya plastiki vinavyolingana ukubwa, utepe wa kupimia, saa na chombo cha kupimia ujazo, basi. Panga vikopo kwenye gridi, fungua maji kwa muda uliokubaliwa, pima kila kikopo. Kigawo cha usawa, kinachoonyesha maji yameenea sawasawa kiasi gani, ambacho mtafiti Christiansen alikitoa mwaka 1942 kinahesabika kwa kikokotoo: tafuta wastani, tafuta kila kikopo kimeachana na wastani kwa kiasi gani bila kujali juu au chini, jumlisha, gawanya kwa jumla ya maji yote, kisha toa kwenye moja. Darasa la watu mia mbili linaweza kugawanywa vikundi, kila kikundi na mstari wake wa vikopo.

Elimu iko kwenye kinachofuata. Waonyeshe seti mbili za data zenye kigawo kilekile. Kwenye moja, vikopo vikavu vimetawanyika ovyo. Kwenye nyingine, vyote vimekusanyika kona moja. Waulize mimea ipi itaumia. Kimya kitakachofuata ndipo somo linapoanzia, kwa sababu watagundua kwamba namba moja nzuri inaweza kuficha kona nzima inayokufa kwa kiu.

Hata trekta moja inatosha kupima mtelezo wa magurudumu, yaani umbali unaopotea tairi likizunguka bila kushika udongo. Weka alama ya chaki kwenye tairi la nyuma, acha lizunguke mara 10 bila mzigo, pima umbali. Rudia plau ikiwa ardhini. Ikiwa mara ya kwanza ilikwenda mita 50 na mara ya pili mita 43, mtelezo ni asilimia 14. Kikundi kimoja kinapima, vikundi vingine vimekwisha kuandika makadirio yao na kuyakabidhi. Wiki inayofuata kikundi kingine kinapima, udongo ukiwa na unyevu mwingine. Mwisho wa muhula darasa zima lina data ambayo hakuna kikundi kingeipata peke yake.

Pili, ndani ya ukumbi wa mhadhara. Eric Mazur wa chuo kikuu cha Harvard, Marekani, alianza mwaka 1991 kufundisha fizikia kwa maswali ya dhana: unauliza, kila mmoja anajibu kimya, kisha anajaribu kumshawishi jirani yake, halafu wanajibu upya. Kwetu nalitumia hili: hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu nisbia (mvuke uliomo ukilinganishwa na ule ambao hewa ya joto hilo inaweza kubeba) wa asilimia 80 imepashwa hadi nyuzi 40 bila kuongezwa wala kupunguzwa maji. Kiasi cha mvuke katika kila kilo ya hewa kavu kimepungua, kimeongezeka au kimebaki? Wengi husema kimepungua, "kwa sababu hewa imekauka". Kimebaki vilevile. Unyevu nisbia ndio umeshuka hadi karibu asilimia 25, kwa kuwa hewa ya moto ina uwezo wa kubeba zaidi. Asiyelielewa hilo hawezi kueleza mtambo wa kukaushia unafanyaje kazi, hata akichora chati ya saikrometria, ile ya joto na mvuke wa hewa, kwa rangi nne. Swali hili halihitaji kifaa chochote, na ukubwa wa darasa unasaidia, kwa sababu majirani wa kubishana nao ni wengi.

Usahihishaji nitaurudia chini.

#4 Mwanafunzi, mwaka wa nne

Wakubwa shikamooni. Naomba niseme kwa niaba ya wenzangu.

Mleta uzi umegusa penyewe. Sisi tunasoma pepa zilizopita. Mwalimu akirudia maswali kwa mpangilio unaojulikana, atakayesoma kitabu kizima ni nani? Na maabara zetu zimepangwa kama mapishi. Hati ya maabara inakuambia chukua hiki, mimina kile, soma kipimo, chora grafu, na chini imeandikwa grafu inapaswa kuwa ya umbo gani. Ripoti za waliotutangulia zinazunguka kwenye makundi ya simu. Unabadilisha tarehe na majina ya kikundi.

Lakini nami nina lalamiko. Kuna mwalimu alijaribu hayo ya kujadiliana darasani, na tulio wengi tuliona hatufundishwi. Tulitoka tukisema anakwepa kazi yake, na kwenye fomu za tathmini tulimpa alama za chini. Sasa sijui kama tulimwonea.

#5 Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu, na ahsante kwa ujasiri.

Hisia yenu imepimwa na watafiti. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa Harvard kwenye kozi za fizikia. Wanafunzi waliofanya kazi darasani walijifunza zaidi, vipimo vilionyesha hivyo, lakini wao wenyewe waliona wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri. Mhadhara uliopangwa vizuri unateleza, na msikilizaji anachukulia mteremko huo kuwa ni uelewa. Kuhangaika na swali kunachosha, na anayehangaika anadhani hajui.

Kwa hiyo mwalimu anayebadili njia ana wajibu wa kuwaeleza wanafunzi siku ya kwanza kwa nini, na kuwaonyesha ushahidi. Akinyamaza ataadhibiwa kwenye fomu, na muhula ujao atarudi kuhutubia. Hapa naulaumu uongozi wa vyuo kuliko wanafunzi. Uchambuzi wa mwaka 2017 uliorudia hesabu za tafiti za miaka mingi haukuona uhusiano wa maana kati ya alama ambazo wanafunzi huwapa walimu na kiasi wanachojifunza. Kuzitumia fomu hizo kama kigezo kikuu cha kupandisha cheo ni kumfunga mikono mwalimu anayejali.

Kuhusu pepa zilizopita, kujijaribu kwa maswali ni njia nzuri ya kusoma. Watafiti Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba baada ya wiki moja, waliojijaribu walikumbuka zaidi kuliko waliosoma tena na tena. Ubaya uko kwenye pepa linalojirudia. Pepa likidai maelezo ya data mpya kila mwaka, someni zote zilizopita mpaka mchoke, mtakuwa mnajifunza kweli.

#6 Fundi wa maabara

Nimesoma nikaona tunatajwa kwa mbali, ngoja niongee.

Mahindi mazima yanapimwa unyevu kwa oveni ya nyuzi 103 kwa saa 72. Ndivyo kiwango kinavyosema. Kipindi cha maabara ni saa 3. Mwanafunzi anapima sampuli, anaweka kwenye oveni, anaaga. Siku ya tatu ni mimi ninayefungua oveni, ninayepoza sampuli, ninayepima na kubandika matokeo mlangoni. Yeye anakuja kunakili. Hajawahi kuona uzito ukishuka kwa macho yake. Halafu mnashangaa anajibu kilo 70.

Ratiba zinapangwa bila kutuuliza. Ningeulizwa ningesema jambo hili liwe zamu, kila kikundi kirudi kwa dakika 15 siku ya tatu, na hiyo iwe sehemu ya alama.

La pili ni usalama, na hili nalisema kwa uzito. Shafti ya kutolea nguvu nyuma ya trekta ikizunguka mara 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kila sekunde. Nguo ikinaswa, huna muda wa kupiga kelele. Usiniletee vikundi vingi kwa wakati mmoja kwa sababu tu mageuzi yamesema wanafunzi washike vitu. Uhandisi wa usalama ufundishwe kama kozi yoyote, kwa hesabu. Sweden ilianza kulazimisha fremu za kumlinda dereva trekta linapopinduka mwaka 1959, na fremu hizo zinabuniwa na wahandisi wa fani hii. Mwanafunzi akokotoe kitovu cha uzito na pembe ya kupinduka kabla hajapanda kwenye kiti.

#7 Mleta uzi

Fundi, nakushukuru sana. Huo mfano wa oveni nitaubeba kwenye kikao cha idara kama ulivyo. Na pembe ya kupinduka inaingia moja kwa moja kwenye hatua zile tatu: wanakadiria, kisha wanapima uzito kwenye ekseli ya mbele na ya nyuma, wanaona walikosea wapi. Hakuna anayehatarishwa.

Mtaalamu wa maabara akae kwenye meza ya kupanga kozi. Yeye anajua kifaa gani kinadanganya na kwa kiasi gani, na ujuzi huo haumo kwenye slaidi za mhadhiri yeyote.

#8 Upande wa bayolojia

Nafundisha michakato ya kibayolojia, na nilikuwa naogopa uzi utaishia kwenye matrekta.

Kwetu shida ni kali zaidi. Chukua biogesi. Unaweza kuwapa wanafunzi chupa tatu zenye samadi ileile, maji yaleyale, joto lilelile la nyuzi 37. Baada ya wiki mbili chupa moja imetoa gesi nyingi, ya pili ya wastani, ya tatu imegoma. Hiyo ni kawaida ya vijidudu. Lakini mwanafunzi anaona amefeli, kwa hiyo anaazima data ya wenzake au anaitengeneza ifuate mkunjo wa kitabuni. Nimeziona ripoti zenye data safi mno, na mtu aliyewahi kukuza bakteria anajua kwamba haiwezekani.

Tunawafundisha udanganyifu sisi wenyewe, kwa kutoa alama kwa matokeo yanayofanana na kitabu. Nimebadilisha. Chupa zinaanza wiki ya kwanza ya muhula na zinafuatiliwa hadi mwisho, kwa sababu mmeng'enyo huu hauwezi kuingizwa kwenye kipindi kimoja. Chupa iliyogoma ndiyo inayopewa kurasa nyingi zaidi kwenye ripoti. Je, asidi imepanda? Uwiano wa kaboni kwa nitrojeni umetoka nje ya ile 20 hadi 30 kwa 1 inayopendekezwa? Kizibo kinavuja? Wanapima, wanaondoa sababu moja baada ya nyingine.

Na takwimu, jamani. Wanafundishwa na idara nyingine mwaka wa kwanza, kwa mifano ya karata na sarafu, halafu hatuigusi tena hadi utafiti wa mwisho. Mtawanyiko ungefundishwa upya hapa, kwenye chupa tatu, na ungeeleweka siku hiyohiyo.

#9 Mleta uzi

Mwalimu, nakazia kila mstari. "Data safi mno" ingebandikwa kwenye mlango wa kila maabara.

#10 Mkongwe

Nimefundisha fani hii tangu wengi wenu mko shule za msingi. Nimeona mageuzi yakija na kuondoka. Naomba mnisikilize kwa utulivu.

Mwanafunzi asiye na misingi hapimi, anacheza. Termodinamiki, mekanika ya vimiminika, nguvu za vifaa, usafirishaji wa joto: haya yanahitaji kukaa chini na kukokotoa tena na tena. Mkiwatupa kwenye matatizo ya wazi mwaka wa kwanza wataokota vipande vipande, na mtapata wahitimu wanaozungumza vizuri lakini hawawezi kubuni bomba.

#11 Mleta uzi

Shikamoo mzee wetu. Nimekusikia, na kwa sehemu kubwa uko sahihi.

Watafiti Sweller na Cooper walionyesha mwaka 1985, kwa wanafunzi wa aljebra, kwamba anayeanza hujifunza vizuri zaidi kwa kusoma mifano iliyotatuliwa hatua kwa hatua kuliko kuachwa atatue peke yake. Akili yake bado haina mahali pa kuweka vitu vingi kwa mara moja. Kwa hiyo mwaka wa kwanza na wa pili, mifano iliyotatuliwa iwe mingi. Kisha hatua ziondolewe polepole: mfano wa kwanza kamili, wa pili unakosa hatua ya mwisho, wa tatu unakosa mbili, hadi mwanafunzi abaki na swali tupu. Njia ya kujifunza kwa tatizo, yaani mwanafunzi kuanza na tatizo halisi kabla ya somo, ilianza chuo kikuu cha McMaster nchini Kanada mwishoni mwa miaka ya 1960, na ilibuniwa kwa wanafunzi wa udaktari. Kuihamisha nzima nzima hadi mwaka wa kwanza wa uhandisi sikubaliani nako.

Ninapotofautiana nawe mzee ni hapa: hata swali la msingi kabisa linaweza kumalizikia kwenye kipimo. Msuguano ndani ya bomba ukokotolewe, halafu bomba la plastiki la mita chache, ndoo na saa vionyeshe kama hesabu imekaribia. Mwanafunzi akiona kiungo kimoja kibovu kinavyovuruga jibu lake, atairudia ile milinganyo kwa hamu ambayo mhadhara hauwezi kumpa. Misingi inakaa zaidi ikiwa imeguswa.

#12 Mhandisi wa umwagiliaji

Nipo upande wa waajiri. Wahitimu wanaokuja kwetu wanajua programu za kompyuta kutuzidi. Wanachokosa ni kujua namba inayowezekana.

Mfano. Shamba la hekta 10, mmea unatumia milimita 6 kwa siku. Milimita 1 juu ya hekta 1 ni mita za ujazo 10, kwa hiyo ni mita za ujazo 600 kwa siku. Ukipampu kwa saa 10, ni 60 kwa saa, karibu lita 17 kwa sekunde. Yainue mita 30: nguvu ya maji yenyewe ni kilowati 4.9, na pampu yenye ufanisi wa asilimia 60 inataka kama kilowati 8, kabla hata ya kuhesabu maji yanayopotea njiani na msuguano wa mabomba. Hesabu hii inatosha kufanyika kwenye kipande cha karatasi.

Sasa mhitimu ananiletea ripoti ya kurasa nyingi, picha nzuri, inasema pampu ya kilowati 80. Nukta imeruka mahali fulani kwenye programu. Hajashtuka. Namuuliza ungetegemea ngapi kabla ya kubonyeza kitufe, ananiangalia tu. Ile hatua ya kwanza ya mleta uzi, kukadiria kabla, ndiyo ningeomba vyuo viisimamie hata kama mengine yatashindikana. Njia ya kukadiria mahitaji ya maji ya mimea iliyotolewa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 1998 wanaikariri yote, lakini hawajui kwamba milimita 60 kwa siku haipo duniani.

#13 Mhadhiri wa darasa kubwa

Haya, nimelegea. Mkuu, nipe basi swali moja la mtihani lililokamilika na jinsi ya kulisahihisha kwa watu mia mbili. Maneno tumeshayasema.

#14 Mleta uzi

Hili hapa. Lichukue, lirekebishe.

"Mtambo wa kukaushia ulipokea tani 2 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 20 na kuyatoa, kwa mujibu wa kipima unyevu cha mkononi, yakiwa na asilimia 13. Ulitumia lita 26 za dizeli. Joto la hewa nje lilikuwa nyuzi 22. Mwendeshaji anasema mtambo ni mbovu. (a) Kabla ya kukokotoa, andika mtambo mzuri ungetumia lita ngapi hivi, kwa sentensi moja ya sababu. (b) Kokotoa ufanisi. (c) Taja mahali patatu ambapo nishati iliyobaki inaweza kuwa imekwenda, ukianza na palipo pakubwa kwa maoni yako. (d) Kesho unaruhusiwa kupima vitu viwili tu. Utapima nini, kwa kifaa gani, na kila jibu litakufanya uamue nini?"

Angalia nilichoficha. Nishati ya dizeli, karibu megajuli 36 kwa lita, na ile ya kugeuza maji kuwa mvuke, karibu megajuli 2.45 kwa kilo, zimo kwenye jedwali la nyuma pamoja na namba nyingine asizozihitaji. Joto la nje limewekwa makusudi, atumie au aliache. Maji ni kilo 161, nishati ya chini kabisa ni megajuli 394, dizeli imetoa megajuli 936, ufanisi ni asilimia 42. Atakayetumia kilo 140 atakuwa amerudia kosa lile la mwanzo wa uzi.

Kwenye (c) yuko huru: hewa inayotoka ikiwa bado haijashiba mvuke, kuta za mtambo, joto lililobaki kwenye punje, punje za pembeni zilizokaushwa kupita kiasi. Mwanafunzi makini atauliza kama kipima unyevu kinasema kweli, maana kama mahindi yametoka na asilimia 11, maji yaliyoondoka ni zaidi na mtambo si mbovu kiasi hicho.

Kwenye (d) jibu la "nitapima joto" halipati kitu. "Nitapima joto na unyevu nisbia wa hewa inayotoka. Ikiwa unyevu uko chini, nitapunguza kasi ya feni au kuirudisha sehemu ya hewa ndani" linapata alama zote.

Usahihishaji: alama 20. Sehemu (a) ni 2, anapata akiwa ameandika namba yenye sababu, hata kama iko mbali. Sehemu (b) ni 5, na hapa msaidizi anaweza kusahihisha kwa mwongozo. Sehemu (c) ni 5. Sehemu (d) ni 8, na majibu yake yasizidi mistari sita, kwa sababu darasa lako ni kubwa. Weka mipaka hiyo ya mistari kwenye karatasi yenyewe. Muhula wa kwanza sahihisheni (d) watu wawili, kila mmoja peke yake, karatasi 20 za mwanzo, kisha mlinganishe alama kabla ya kuendelea na zilizobaki. Mkitofautiana sana, mwongozo ndio urekebishwe kwanza. Na swali la aina hii wanafunzi walione darasani mara kadhaa kabla ya mtihani, wakiwa na data nyingine, ili siku hiyo kigeni kiwe ni zile namba peke yake.